Somo: Kulitia shairi muziki bila kupotosha mkazo

Ndugu wanakwaya, wengi mmeniuliza naanzia wapi ninapopewa shairi na kuambiwa nilitie muziki. Nitaeleza kama ninavyofundisha hapa Ujiji jioni. Ubeti wa mfano nimeutunga mwenyewe, ili tuukatekate bila kumkosea mtu:

Giza likija ziwani, karabai zinawaka,
Baba yumo mtumbwini, mawimbi yanainuka,
Mama kashuka mwaloni, beseni ameliweka,
Uje salama nyumbani, watoto wameamka.

Ni tarbia ya kawaida, yaani ubeti wa mishororo minne: mizani (silabi) nane kwa nane, vina ni na ka, na mshororo wa nne ndio kibwagizo.

Hatua ya 1: Ruhusa. Mshairi akiwa hai, mfuate. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo muda wake umekwisha pita. Waliokuja nyuma yake, wengi bado. Na ukimpata mshairi mwenyewe, mwombe akuimbie shairi lake. Washairi wetu wengi hutunga wakiwa na mahadhi kichwani. Hata usipoyatumia, utasikia anapumua wapi na neno gani analipenda.

Hatua ya 2: Mikazo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nawaomba msipapite haraka. Mizani ikiwa sawa, mtu hudhani sauti aliyotungia mshororo mmoja itaingia katika yote. Haiingii. Chukua penseli, soma kwa sauti ya kawaida, kama unamsimulia jirani, kisha pigia mstari silabi yenye mkazo.

GI-za li-KI-ja zi-WA-ni. Mkazo uko kwenye silabi ya 1, ya 4 na ya 7. MA-ma ka-SHU-ka mwa-LO-ni, hivyo hivyo. U-je sa-LA-ma nyu-MBA-ni, hivyo hivyo. Mpaka hapo unafurahi, maana maneno yenyewe yamekuchagulia mwendo: tatu, tatu, kisha mbili za kupumzikia. Sasa soma mshororo wa pili: BA-ba YU-mo m-tu-MBWI-ni. Mkazo wa kati umerudi kwenye silabi ya 3. Ukilazimisha sauti ya mshororo wa kwanza, kwaya itaimba “Baba yuMO”, na msikilizaji atakuwa bado anatafuta neno hilo wakati nyinyi mmeshafika mwaloni.

Niliwahi kufanya kosa hili hili. Nilitunga kwa ubeti wa kwanza tu, nikafundisha wiki tatu, na siku ya kuimba mbele ya watu ubeti wa tatu ukatuvunjikia mdomoni. Tangu hapo siandiki nota hata moja kabla sijapigia mistari beti zote.

Hatua ya 3: Nota. Naandika kwa herufi za do-re-mi: r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la. Kwa mwendo wa mapigo matatu matatu, “Gi-za-li” naipa m m r, “ki-ja-zi” m f s, kisha “wa” inapanda kwenye l na kukaa, “ni” inashuka kwenye s. Nimeipandisha “wa” kwa makusudi. Sauti ya juu hukaa vizuri kwenye a, koo likiwa wazi. Kwenye i soprano hukamuliwa.

Mshororo wa pili tunaurekebisha hivi: “Ba” ishike mapigo mawili, “ba” moja, “yu” moja, “mo” moja, na “m” na “tu” zigawane pigo moja, halafu “mbwi” inaangukia pigo zito pale pale ilipoangukia “wa”. Ile m ni silabi kamili, ila huimbwa midomo imefungwa, fupi. Sisi tuliolelewa na Kiha huwa tunaitilia u, “mutumbwini”. Mwaka jana mama mmoja wa alto, muuza dagaa wa Kibirizi, aliniimbia hivyo jioni nzima. Nikamwomba alitamke kama anavyomnunia mtoto: mmm, kisha tumbwini. Likakaa.

Vipande vya pili vya mishororo, vile vya baada ya koma, navyo vitazame. “Karabai” ina silabi mbili kabla ya pigo zito, “mawimbi”, “beseni” na “watoto” moja moja. Katika “wameamka” urefu uweke kwenye a. M ipite tu.

Hatua ya 4: Gawa sauti. Mishororo mitatu mpe mwimbaji mmoja, kibwagizo kiimbwe na wote kwa sauti nne. Kinanda na ngoma viingie mwisho kabisa, shairi likiwa limeshasimama lenyewe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Shairi langu ni utenzi, mizani nane tu kwa mshororo. Nifanyeje?
Marahaba. Hatua ni zile zile. Ila utenzi una beti nyingi, na sauti fupi ikirudiwa mara 40 inachosha. Unganisha beti mbili mbili ziwe na sauti moja.

Mwalimu, naruhusiwa kubadili neno likikataa kukaa kwenye nota?
Badili nota, kaka. Neno limepimwa na mshairi kwa mizani na kina. Ukiligusa moja, jirani yake anaanguka. Kurudia neno ni sawa, kwa mfano “uje, uje salama”, ilimradi mwenye shairi ameridhia. Kuna mshairi aliyenikatalia hata hilo, nikamwelewa.

Sisi huku Kasulu hatuna kinanda. Tutaanzaje sauti?
Chagua mtu mwenye sikio tulivu, awape do. Msiipandishe sana. Kama besi hafiki chini bila kunong’ona, inueni kidogo. Kama soprano anakunja uso kwenye l ile ya “wa”, shusheni.

Na mashairi huru, yasiyo na vina?
Hayo yafuate usemaji. Pigia mikazo mistari kama kawaida, halafu kubali kila mstari uwe na urefu wake. Usiyabane kwenye mapigo matatu kwa sababu tu wimbo uliopita ulikuwa hivyo.

Mwalimu, siku ya kwanza ya mazoezi nianze na ubeti upi?
Dada yangu, anza na mshororo unaokataa. Kwa ubeti wetu ni ule wa baba mtumbwini. Wasomee bila sauti mara tano, wapige makofi kwenye mikazo, kisha ndipo uwape nota. “Giza likija ziwani” watalishika wenyewe wakiwa njiani kurudi nyumbani.