Hiihtoloma bila kulia baridi: jinsi ninavyotoka nje na wanangu hapa Oulu

Wiki ya 10 ya mwaka shule za huku kaskazini mwa Ufini zinafungwa kwa hiihtoloma, yaani likizo ya skii. Wenye fedha wanapanda Lapland, mkoa wa kaskazini zaidi. Sisi wengine tunabaki na watoto ndani ya fleti, kila mmoja na simu yake. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi chekechea, na kazini kwetu watoto tunawatoa nje kila siku hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ninayoandika hapa nimeyatoa huko. Na Machi ndio wakati wenyewe: theluji bado imejaa, lakini urefu wa mchana unapita muda wa saa kumi, si kama Desemba ambapo jua linachungulia kwa muda wa saa tatu na nusu tu likaondoka.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia

Tazama upepo kabla ya kutazama nyuzi. Nyuzi 12 chini ya sifuri msituni, hewa ikiwa imetulia, watoto wanacheza saa mbili bila kulalamika. Nyuzi 5 tu chini ya sifuri pale ufukweni Nallikari, upepo ukitoka baharini, na dakika 20 zinawatosha.

Toa soli za ndani za buti, zikauke usiku kucha. Nyama ya mishikaki ichemshe iive kabisa, itie viungo, itunge kwenye vijiti. Mwaka wa kwanza nilibeba nyama mbichi. Iliganda njiani, motoni ikaungua nje huku ndani bado barafu, tukaishia kula mkate mtupu. Ukipenda soseji za hapa, makkara, soma nyuma ya pakiti: ukiona neno sianliha, hiyo ni nguruwe.

Hatua ya 2: Kuvalisha

Hapa usiwe na haraka. Kwanza chooni, wote, hata anayeapa kwamba hana haja. Kisha vaa wewe hadi suruali ya theluji, ndipo uwavalishe wao, mdogo awe wa mwisho. Ukianza na mdogo atasimama mlangoni ndani ya ovaroli akitoka jasho huku wewe unamtafutia kaka yake glovu, na jasho hilohilo ndilo litakalomtetemesha nje. Baridi kavu mtoto anaivumilia. Nguo yenye unyevu haivumiliki.

Kwenye ngozi zikae fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za sufu au kitambaa cha michezo. Pamba na jinzi zibaki kabatini, maana pamba ikishanywa jasho haikauki. Juu yake sweta la sufu, kisha ovaroli. Kichwani napenda kypärämyssy, kofia inayofunika masikio na shingo na kuacha uso tu. Kwa binti anayevaa ushungi inafanya kazi mbili kwa mpigo.

Miguu iliniadhibu. Mkubwa wangu alipokuwa na miaka minne nilimvika soksi tatu ndani ya buti lililomkaa sawasawa, nikajiona mama hodari. Nusu saa haikupita akaanza kulia. Kumvua, vidole baridi kama samaki wa barafuni. Soksi zilikuwa zimejaza buti hadi hakuna nafasi ya hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto. Sasa ni soksi moja nene ya sufu, na buti ambalo kidole changu kinapita nyuma ya kisigino.

Glovu ziwe zile za gumba peke yake na vidole vingine pamoja. Pea ya akiba iweke kifuani kwako, ndani ya koti, pamoja na maandazi. Maandazi yakikaa kwenye begi yatakuvunja meno.

Hatua ya 3: Mahali na moto

Usiwashe moto ardhini popote upendapo. Kisheria unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Tafuta nuotiopaikka, sehemu rasmi ya moto, au laavu, kibanda cha mbao kilicho wazi upande mmoja. Vingi vinatunzwa na manispaa na kuni huwekwa kwenye banda la pembeni. Wewe beba kiberiti na kisu.

Washa moto mnapofika tu, kabla ya michezo, ili makaa yawe tayari njaa ikianza. Bandua gome jeupe kwenye kuni za mti uitwao koivu (za bandani, kamwe si mti uliosimama). Gome hilo lina mafuta, linashika moto hata likiwa na unyevu. Juu yake weka vijiti vyembamba ulivyochonga, halafu kuni.

Kama mnashuka kwenye barafu, ushauri rasmi ni kwamba sentimeta 5 za barafu ngumu zinambeba mtu mmoja. Nikiwa na watoto nataka 10, na nafuata palipopita watu. Mtoni na karibu na madaraja sikanyagi, kwa sababu mkondo unaila barafu kwa chini. Shingoni navaa naskali, misumari miwili yenye mishikio ya kujivutia juu ukitumbukia.

Hatua ya 4: Mchezo

Pulkka ya plastiki, yaani kitelezi cha kukalia, na kilima vinatosha. Skii na viatu vya barafuni ulizia maktaba; nyingi huku zinaazima vifaa vya michezo kama vitabu.

Hatua ya 5: Kagua kila nusu saa

Usimuulize mtoto kama anasikia baridi, atasema hapana. Ingiza mkono wako nyuma ya shingo yake. Pakiwa na joto na pakavu, aendelee. Pakilowa, mpunguzie nguo. Pakiwa baridi, aje motoni anywe chai ya tangawizi.

Kisha uso. Mabango ya hapa yanaonyesha doa jeupe kwenye shavu jekundu, ila kwa ngozi zetu usitegemee wekundu. Tafuta sehemu iliyopauka au kuwa kijivujivu, iguse: ikiwa ngumu na mtoto hasikii kidole chako, inaanza kuganda. Ifunike kwa kiganja kikavu chenye joto hadi ilainike, kisha ingieni ndani. Usiisugue, na usipake theluji. Isiporudi hali yake, au ikitoka malengelenge, nendeni kwa daktari.

Hatua ya 6: Kurudi

Ondokeni wakati bado wanataka kubaki, maana safari ya kurudi na mtoto aliyechoka ni ndefu mara mbili. Giza likianza, kila mtu awe na heijastin, kiakisi mwanga, kwenye nguo. Kwa mwenda kwa miguu gizani ni sharti la sheria.

Nyumbani geuza glovu ndani nje, zitundike kwenye kabati la kukaushia au bafuni. Zisikae ndani ya sauna, chumba cha kuogea kwa joto, juu ya jiko lake, hata likiwa limezimwa. Jioni mwingine ataliwasha bila kutazama.