Mdahalo kuhusu mateka wa vita: jinsi ya kuuandaa shuleni

Mada ya mateka wa vita ikiletwa jukwaani bila maandalizi, wasemaji huishia kutaja mataifa mema na mabaya kwa kufuata ushabiki. Mwongozo huu ni wa walimu na klabu za midahalo za sekondari, kuanzia Dodoma mjini hadi Mpwapwa.

Tunga hoja yenye wapinzani. "Vita ni vibaya" haina. Jaribu hii: "Taifa linalowatesa mateka limepoteza haki ya kuyakemea mengine." Itangaze wiki mbili kabla na uwape pande zote nakala ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita. Una vifungu 143. Wanafunzi wasome 4, 5, 13, 17, 70, 71, 118 na 126, vingine wavipitie juu juu.

Kisha chora jedwali la safu tatu: swali, kifungu, ushahidi. Je, mateka alipewa kadi ya kuwajulisha nduguze ndani ya wiki moja tangu afike kambini (70)? Anaruhusiwa walau barua mbili na kadi nne kwa mwezi (71)? Alipohojiwa, alishurutishwa kutoa zaidi ya jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi (17)? Wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa huzungumza naye faragha (126)? Haya huacha kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Hotuba ya waziri haijazi safu ya ushahidi.

Mdahalo huharibika zaidi pale msemaji anaposema "wao ndio walianza." Kifungu cha 13 kinakataza kulipiza kisasi kwa mateka, kwa hiyo kosa la adui si utetezi. Kifungu hicho hicho kinawakinga dhidi ya kufanywa maonyesho, basi usiruhusu video za mateka zinazosambaa WhatsApp zioneshwe ukumbini, hata kama zinasaidia hoja.

Mtego mwingine ni kuchanganya mateka na raia. Wamisionari Waingereza waliozuiliwa na Wajerumani Kiboriani, juu ya Mpwapwa, na baadaye Tabora katika Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa raia. Wapoland waliowekwa Kondoa wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wakimbizi. Hata Abu Ghraib, gereza la Iraki ambako askari wa Marekani waliwatesa wafungwa, mfano ambao wanafunzi huukimbilia, ilijaa raia, nao wanalindwa na Mkataba wa Nne. Mpinzani makini atakubana hapo. Kwa Marekani, mfano imara zaidi ni uamuzi wa Februari 2002 wa kuwanyima wapiganaji wa Taliban hadhi ya mateka wa vita bila kuwapeleka mbele ya baraza la kuamua hadhi yao, linalotajwa na kifungu cha 5.

Upande unaotetea ukitumie sana kifungu cha 118, kinachotaka mateka waachiwe bila kuchelewa mapigano yanapokoma, kwa sababu kinawabana hata washindi. Vita vya Ulaya viliisha 1945, lakini Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuwashikilia Wajerumani hadi 1948. Ndiyo maana kifungu kikaandikwa kwa ukali ule. Iran na Iraki zilisitisha vita 1988, mateka wa mwisho wakarudi kwao 2003.

Upande unaopinga una jibu zito: tukisubiri taifa lisilo na doa, hakuna atakayemkemea yeyote. Wasiishie hapo. Waoneshe taifa lilifanya nini baada ya kugundulika: lilifungua kambi kwa wakaguzi, lilishtaki askari wa chini tu, au lilifika kwa waliotoa amri?

Walibya waliotekwa na jeshi letu 1979, wakipigana upande wa Amin, waliachiwa baadaye. Wapitishe nao kwenye jedwali lile lile, swali kwa swali. Klabu inayoruka mfano wa Tanzania ikatwe alama, na safu ya ushahidi ikibaki tupu, iandikwe "haijathibitishwa", wala si "hapana".