Kabla hujampandisha alpaka wa kijivu

Ukitaka watoto wa kijivu, mpeleke jike wako wa alpaka (mnyama wa sufu wa jamii ya ngamia) wa kijivu kwa dume mweusi tii, asiye na baka jeupe hata miguuni. Ukijivu huletwa na nakala moja tu iliyobadilika ya KIT, mojawapo ya jeni za rangi, kwa hiyo takriban nusu ya watoto wataurithi. Kijivu kwa kijivu mimi sithubutu: mimba yenye nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, inaaminika hufia tumboni. Na dume mweupe? Hapo ndipo pa kuogopa hasa. Weupe huficha mengi, hata jeni ya mabaka meupe, na ukijivu ukikutana nayo huzaliwa mtoto mweupe pe, macho ya buluu, mara nyingi kiziwi. Unapiga makofi nyuma ya kisogo chake, hata sikio halichezi.