Kabla ya Kwenda Kupima Mlima Kenya

Kazi ya kupima mlima inaanzia hapa hapa Mombasa. Urefu ulioandikwa kwenye ramani za Kenya huhesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari uliopimwa Kilindini, kwa hiyo hata Batian, kilele cha mita 5,199, kimepimwa kwa maji yetu. GPS, yenyewe, huanza na umbo la dunia lililokokotolewa kwa hesabu. Simama Mama Ngina kando ya bahari na kifaa ambacho hakijarekebishwa, kitakwambia uko zaidi ya mita 20 chini ya maji. Simu nyingi hurekebisha zenyewe, lakini si kila kifaa cha upimaji. Kijaribu nyumbani, mahali jibu linajulikana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuchanganya misingi ya ramani, yaani vianzio ambavyo namba za mahali huhesabiwa kutoka kwavyo. Karatasi za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimefuata msingi wa zamani uitwao Arc 1960, na GPS kwa kawaida hutoa namba za WGS84, msingi wa dunia nzima. Usipobadilisha, alama yako huhama karibu mita 300. Kwenye Barabara ya Moi hiyo ni safari ya dakika chache, lakini juu kule, ukungu ukishuka, ndiyo tofauti ya kuwa njiani na kuwa ukingoni mwa jabali. Tena ikweta inakata miteremko ya kaskazini ya mlima huu: katika UTM, gridi inayoigawa dunia kwa kanda, upande mmoja ni kanda ya 37 Kusini, wa pili 37 Kaskazini, na namba za mita za kuelekea kaskazini zinaruka kutoka milioni kumi hadi sifuri. Amueni mapema mtatumia kanda ipi, na kila mmoja aweke hiyo hiyo.

Majira: Januari na Februari anga huwa safi. Masika ya Machi hadi Mei yaacheni.

Baridi hunyonya betri, basi usiku lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Nasi watu wa pwani tunatoka mita sifuri: mkishapita mita 3,000, msipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, asipande tena. Akianza kuyumba, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya anga, KCAA, na ya shirika la wanyamapori, KWS, kwa kuwa mlima ni hifadhi. Ombeni kabla ya kukata tiketi, na nakala ya njia mtakayofuata muiache kwa mtu aliyebaki nyumbani, pamoja na siku mnayotarajia kushuka.