Ganzi ya mgongoni kwenye opareshni ya ini: siku ya kuitoa ndo muangalie sana

Kama mgonjwa wenu anaenda kukatwa sehemu kubwa ya ini na daktari wa usingizi kawatajia epidyuro, yaani ule mrija mwembamba unaoachwa mgongoni ganzi iwe inaingia kidogo kidogo siku kadhaa, msikatae kwa woga ila msisaini kichwa kichwa pia. Kwa maumivu ni nzuri kweli, mtu aliyepasuliwa chini ya mbavu anaweza kuvuta pumzi na kukohoa vizuri. Shida ni ini lenyewe.

Ini ndo linatengeneza vitu vya kugandisha damu, likikatwa nusu kazi inayumba, kile kipimo cha INR (kinaonesha damu inachelewa kiasi gani kuganda) kinapanda hizo siku 3 za mwanzo, chembe sahani, zile za kuziba damu isitoke, nazo zinashuka, na mrija wenyewe mara nyingi unatakiwa kutoka siku ya 3 au ya 4. Mshipa ukichubuka wakati unavutwa damu inajaa mle ndani, inabana uti wa mgongo, miguu inapooza. Ni nadra sana jamani, ila ikitokea mtu anaweza asitembee tena.

Kwa hiyo kabla ya opareshni tajeni dawa zote, zile za kuzuia damu kuganda kama wafarini na klopidogreli, hata mitishamba ile mnayoona aibu kuisema. Msiache dawa wenyewe, daktari ndo atasema lini.

Siku ya kutoa mrija ulizeni majibu ya damu ya LEO, sio ya juzi. Wengi wanataka INR isizidi 1.4 hivi. Ulizeni pia sindano ya kuzuia damu kuganda, ile Clexane ya mara moja kwa siku, ilichomwa saa ngapi, maana inatakiwa yapite masaa 12 ndo mrija utoke, na inayofuata isubiri angalau masaa 4. Kwa shangazi yangu, nesi alishavaa glovu kabisa, tukauliza majibu yako wapi, kumbe INR 1.7, mrija ukakaa siku 2 zaidi na hakuna aliyekasirika.

Presha nayo hushuka, hasa akikaa mara ya kwanza, so asinyanyuke kitandani peke yake.

Kama damu yake haieleweki toka mwanzo kuna njia nyingine, pampu ya dawa ya maumivu anayobonyeza mwenyewe, au ganzi ya ukuta wa tumbo. Ulizeni tu.

Halafu miguu. Kila mkikaa naye mwambieni akunje magoti, asukume mkono wako kwa unyayo, mrija ukiwepo na hata kesho yake ukishatoka. Msisubiri dalili ya kushindwa kukojoa, ana mpira wa mkojo hamtaiona. Mguu uliokuwa unakunja jana leo mzito, au mgongo umeanza kuuma ghafla, hiyo ni picha ya MRI ya mgongo haraka, na kama damu imejaa itolewe ndani ya masaa 8 hivi ndo kuna matumaini mazuri. Ukiambiwa "ni ganzi tu itaisha" na dawa ilizimwa tangu asubuhi, usirudi kukaa, daktari wa usingizi aitwe muda huo huo.