Jinsi ya Kupanga Watumishi na Kazi za Chama cha Hifadhi ya Udongo na Maji

Anayeunda chama cha hifadhi ya udongo na maji jijini Dar es Salaam aanze kuajiri watu wa uwandani kabla ya watu wa ofisini. Mratibu mmoja na mhasibu wa muda wanatosha mwanzoni; fedha inayobaki ielekezwe kwa bwana shamba au bibi shamba mwenye uzoefu wa miteremko, mafundi wawili au watatu, na wahamasishaji wanaotoka katika mitaa yenyewe, ambao wajumbe wa mashina wanawafahamu.

Kazi yao ya kwanza ni kukagua bonde kwa miguu, tena mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, kwani hapo ndipo korongo jipya huonekana na chanzo chake: maji ya paa yasiyo na mfereji, njia ya ng'ombe, au shimo la wachimba mchanga. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, na udongo unaomomonyoka huko juu hushuka hadi Jangwani, ambako watu wamekuwa wakifurikiwa nyumbani kwao. Kuzoa mchanga chini bila kuuzuia juu ni kazi isiyokwisha.

Baada ya ukaguzi, fundi apime kontua, yaani mstari unaopita mahali penye kimo kimoja kwenye mteremko, kwa fremu A. Miti miwili iliyonyooka, ya mita 2 hivi, hufungwa pamoja kileleni na kutanuliwa miguu. Mti wa tatu hukatiza kati yake, na kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka juu. Fremu isimamishwe juu ya vigingi viwili, alama iwekwe pale kamba inapogusa mti unaokatiza, kisha miguu ibadilishane vigingi na alama ya pili iwekwe. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa: kila kamba inapotulia hapo, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja. Upepo ukiwa mkali, afadhali kusubiri.

Kwenye mstari huo hupandwa vetiva, nyasi za kuzuia udongo, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mara masika yanapoanza mwezi Machi. Miche itayarishwe kitaluni tangu vuli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wahamasishaji waileze kwa upole na kwa heshima, kwa sababu wengi wanaoishi kandokando hawana pengine pa kwenda. Utekelezaji waiachie serikali.

Nafasi ambayo vyama vingi huisahau, nami naiona kuwa muhimu kupita zote, ni ya msimamizi wa matunzo. Pengo moja katika mstari wa vetiva hukusanya maji yote ya mteremko na kuchimba korongo baya kuliko la awali. Mkataba wake uvuke masika ya pili, naye apewe miche ya akiba, panga, na mamlaka ya kuita vibarua siku hiyohiyo anapoliona pengo.