Kabla hujapanda ndege ya Komoro, chagua kisiwa

Mtu wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa akipanga safari ya Komoro hujiambia kwamba anakwenda kwa ndugu, na hakosei. Dini ni moja, saa ni ileile, na lugha yao ni jirani ya karibu ya Kiswahili. Familia nyingi za Unguja zina bibi au babu Mngazija. Sheikh Ahmed bin Sumeyt, kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Shida ni kwamba undugu huo huwafanya watu waondoke bila maandalizi. Wananunua tiketi, wanafunga mizigo, na ukiwauliza wanakwenda kisiwa gani hawana jibu. Nami nashikilia kwamba hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu maji, fedha, msimu na hata siasa za Komoro hubadilika ukivuka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Kwenye ramani na tiketi utayaona majina ya Kifaransa: Grande Comore ndiyo Ngazija, Anjouan ndiyo Nzwani, Mohéli ndiyo Mwali. Ngazija ndicho kikubwa, na ndiko uliko mji mkuu Moroni pamoja na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Hahaya, kaskazini mwa mji. Nzwani ni kisiwa cha milima mikali na mabonde, kimejaa watu, na mji wake mkuu ni Mutsamudu. Mwali ndicho kidogo na kitulivu kuliko vyote; Fomboni ndio mji wake. Mwenye biashara au shughuli za serikali ataanzia Ngazija apende asipende. Anayetaka bahari, kasa na usingizi aende Mwali, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2001 na wanakijiji wa Itsamia hulinda fukwe ambazo kasa hupanda usiku kutaga mayai. Nyangumi hupita huko kati ya Julai na Oktoba.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, maana wageni wengi hawalitarajii. Ngazija inapata mvua kubwa sana lakini haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Kisiwa chote ni mawe ya volkano, yenye matundu. Mvua ikinyesha huzama papo hapo, na visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi. Ndiyo maana nyumba nyingi za vijijini zina tangi la zege linalokinga maji ya paa, na maji hayo ndiyo ya kupikia, kuogea na kutawadhia mpaka mvua nyingine. Novemba 2005 mlima Karthala ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye matangi hayo na watu wengi wakabaki hawana maji salama ya kunywa. Kwa hiyo ukifikia kwa watu Ngazija, oga kwa kopo na ndoo, usiache bomba wazi, na usisubiri kuambiwa. Nzwani ina mito, ingawa mingi iliyokuwa haikauki sasa hukatika wakati wa kiangazi kwa sababu misitu ya juu imefyekwa. Popote utakapokuwa, kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Mwaka 2024 nchi ilipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu.

Huo mlima Karthala una urefu wa mita 2,361 na bado u hai. Ukitaka kuupanda, tafuta kiongozi wa kijijini, beba maji yako yote kwa sababu juu hakuna, na chukua sweta nzito. Usiku wa kule hauna uhusiano wowote na joto la Moroni.

Msimu uchague kwa pepo zilezile tunazozijua. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni joto, mvua na hatari ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija Aprili 2019 na kuharibu nyumba na mashamba. Mei hadi Oktoba ni kukavu na kunapendeza. Lakini Julai na Agosti zina jambo lake: ndio wakati Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanaporudi nyumbani kwa harusi. Ndege hujaa na nauli hupanda. Ukitaka miezi hiyo, nunua tiketi mapema sana.

Harusi zenyewe si za kupita ukapiga picha. Ngazija kuna anda, ndoa kubwa ya kimila, ambayo mwanamume anaweza kuiwekea akiba miaka na miaka: dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, karamu za mji mzima. Asiyeifanya hubaki katika daraja la vijana hata akiwa na mvi, na kwenye baraza la mji neno lake halina uzito. Aliyeikamilisha huitwa mtu mzima, huvaa joho lake na hukaa mbele. Kabla hujaketi msikitini au kwenye shughuli, uliza mahali pa kukaa. Ukialikwa, vaa vizuri na usimdhihaki mtu kwa gharama alizoingia. Wenyewe wana mjadala mkali juu ya jambo hilo na hawahitaji mgeni auchochee. Jua pia kwamba nyumba ni ya mwanamke. Familia humjengea binti, na mume ndiye anayehamia. Kuna ardhi inayorithiwa kwa upande wa mama, manyahuli, ambayo mwanamume hawezi kuiuza apendavyo. Ukitaka kupanga au kununua kitu, zungumza na mama mwenye nyumba, usimalizane na kaka mtu aliyekupokea uwanjani.

Fedha ni faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro: yuro moja ni takriban faranga 492. Beba yuro taslimu, na kabla ya kuvuka kwenda Mwali au Nzwani kamilisha mambo ya benki Moroni. Usitegemee kadi, wala usitegemee kubadilisha shilingi. Bei zitakushtua kwa sababu sehemu kubwa ya chakula, mchele ukiwa wa kwanza, hutoka nje, na bandari ya Moroni haina kina cha kutosha, hivyo meli kubwa hutia nanga nje na mzigo kushushwa kwa matishari. Kinachouzwa nje ni vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi. Ukifika Nzwani, omba uonyeshwe mlangilangi unavyokamuliwa: maua ya njano huchumwa asubuhi mapema, yakapakiwa kwenye mtungi mkubwa wenye maji, moto wa kuni ukawashwa chini kwa saa nyingi, na mafuta yakatoka matone kwa matone. Manukato ya Ufaransa yanategemea kazi hiyo, na kuni hizo zinachangia kumaliza misitu niliyoitaja. Hata hivyo, fedha anazotuma ndugu aliye Ufaransa huzidi mapato ya mazao yote matatu.

Siasa uzijue ili usiseme ovyo. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975, na tangu hapo nchi imepinduliwa mara nyingi, baadhi kwa mkono wa mamluki Bob Denard. Nzwani ilijitenga mwaka 1997. Katiba ya 2001 ikaleta suluhu ya busara: urais uzunguke kisiwa kwa kisiwa. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo wanajeshi wa Tanzania, yalimwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani aliyegoma kuachia madaraka, kwa hiyo Mtanzania asishangae akikumbushwa. Kura ya maoni ya 2018 ilimruhusu rais kugombea mihula miwili mfululizo, na watu wengi wa Nzwani waliona wamenyang'anywa zamu yao. Rais Azali Assoumani, wa Ngazija, alishinda tena Januari 2024 na vurugu zikafuata Moroni. Sikiliza zaidi ya unavyosema.

Bendera ina nyota nne, ya nne ikiwa ya Maore, yaani Mayotte, iliyobaki chini ya Ufaransa na kuwa mkoa wake kamili mwaka 2011. Kuanzia 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda huko, na watu wengi mno wamezama wakijaribu kuvuka kutoka Nzwani usiku kwa mashua ndogo zinazoitwa kwasa. Ukiwa Nzwani unaweza kuambiwa kwamba ni karibu, bahari ni tulivu, na bei ni ndogo. Kataa.

Vitu vidogo vya mkobani: chandarua na dawa zako zote, kwa kuwa Wakomoro wengi wenyewe husafiri hadi Dar es Salaam kutibiwa, plagi ya pini mbili za mviringo, na nyaraka zako zikiwa na tafsiri ya Kifaransa, maana ofisini ndicho kinachoandikwa. Magari hupita kulia, hivyo angalia upande sahihi kabla ya kuvuka barabara. Masharti ya viza yaulize ubalozini wiki ile ile unayokata tiketi.

La mwisho ni kurudi. Ndege ndogo na boti za kati ya visiwa huahirishwa kwa upepo, kwa mafuta, au bila sababu utakayoelezwa. Rudi Ngazija siku mbili kamili kabla ya ndege yako ya kimataifa, na usipande boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na maboya ya kujiokoa hata kama ndiyo ya mwisho siku hiyo.